Jumamosi Aliyozaa Kibo

Nilipohamia Nairobi mwaka 2011 nilikuja na sanduku la nguo na machipukizi matatu ya mgomba wa mshare, nimeyafunga kwenye gunia lililoloweshwa maji. Moja lilikufa. Mawili yalishika, na leo yamezaa kichaka kizima nyuma ya nyumba yetu hapa Waithaka, magharibi mwa jiji, ambako udongo ni mwekundu kama wa kwetu Marangu, Tanzania, na watu bado wanafuga. Ndugu zangu wakisikia Nairobi wanawaza maghorofa na matatu zenye muziki. Lakini ukipita Kawangware kwa barabara ya Naivasha ukaendelea mbele kidogo, unaanza kusikia majogoo. Kaunti ina hata sheria yake ya kilimo cha mjini, ya mwaka 2015. Nina robo eka ya kukodi, ng'ombe wawili, kuku thelathini na kitu, mistari sita ya sukuma wiki na hiyo migomba yangu.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi wa nne, masika yameshika, njia yote tope. Saa kumi na moja alfajiri nilitoka na tochi kumwangalia Kibo, ng'ombe wangu mwenye mimba. Tarehe aliyopandishwa nilikuwa nimeiandika kwa mkaa kwenye ubao wa zizi, na siku 283 zilikuwa zimetimia Alhamisi. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa, nyama za pande mbili za mkia zimelegea, analala, anaamka, anageuka kujitazama ubavuni. Nikajua ni leo.

Na leo yenyewe ilikuwa imeshajaa. Chama chetu cha akina mama kumi na wawili kilikuwa kinakutana kwangu saa nane. Saa kumi palikuwa na mkutano wa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kujuana kwa ajili ya usalama. Nilimkamua yule ng'ombe mwingine, nikapeleka maziwa ya wateja, nikakata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe siku mbili, nikabandika sufuria kubwa ya githeri kwa ajili ya wageni wa chama. Mvua ikanyesha, ikaacha, ikanyesha tena.

Chupa ilipasuka saa sita. Ndama akija vizuri unaona kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake. Mimi niliona pua na kwato moja. Nikangoja. Ikafika saa saba, bado ni pua na kwato moja, na Kibo ameanza kuchoka. Daktari wa mifugo alikuwa upande wa Kikuyu na ng'ombe mwingine, pikipiki yake imekwama kwenye tope. Akaniambia kwa simu: "Mama, usivute. Mguu mmoja umekunjika nyuma. Ukivuta hivyo utawapoteza wote wawili."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani ya zizi niliposikia sauti langoni.

"Hodi hodi! Wenyewe mpo?"

Lazima niseme kitu hapa kuhusu hodi. Miaka yangu ya kwanza Nairobi niliumia sana kwa kukosa mtu wa kunipigia hodi. Hapa anayetaka kuja kwako anapiga simu kwanza, mnapanga siku, mnapanga saa. Nawaelewa, jiji ni kubwa na kazi ni nyingi. Lakini mimi nimekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, ambako sufuria ya mchana hupikwa na cha mtu asiyejulikana bado. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawasalimu wazee shikamoo njiani, wengine wananijibu "sawa", na nikifika nyumbani nalia. Nilijiona naishi kwenye nyumba isiyo na mlango.

Sasa hodi ilikuwa langoni, tena kwa lafudhi ya kwetu. Nikatoka mbio na mikono imeloa. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, na binti wa mjomba, na kijana wa bodaboda amebeba mkungu mzima wa mshare begani. Walipanda basi Arusha alfajiri, wakavuka mpaka wa Namanga, na laini yao ya simu ikawa haifanyi kazi upande huu. Walipofika steji waliuliza tu, "Yule mama Mtanzania anayeuza maziwa anakaa wapi?" Kijana akawapakia bila kuuliza tena.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona una damu mkononi?"

Nikamweleza kwa maneno mawili. Hakukaa, hata maji hakunywa. Alivua sweta, akajifunga kanga kiunoni, akaomba sabuni ya mche na mafuta ya kupikia. Alinawa mpaka juu ya viwiko, akajipaka mafuta mkono mzima. Mama mdogo ana mikono midogo kama ya mtoto wa shule, na amezalisha ng'ombe tangu hajaolewa. Akina mama wa chama walikuwa wameanza kuingia mmoja mmoja na miavuli yao, wakaja moja kwa moja zizini. Shosho, yaani bibi, wa nyumba ya pili akashika mkia. Mwingine akamulika kwa simu. Mimi nilishika simu yangu karibu na sikio la mama mdogo, daktari anaelekeza.

"Msukume ndama arudi nyuma kwanza. Kibo akipumzika ndipo usukume, akikaza acha. Ukiupata mguu, funika kwato kwa kiganja isimchane mama yake."

Alifumba macho. Midomo ilikuwa inasema kitu kwa Kichaga, sikusikia vizuri. Kisha akasema, "Goti ninalo." Baadaye kidogo, "Kwato ninayo." Na taratibu mkono ukarudi, na ndani ya kiganja kwato ya pili, nyeupe na laini kama sabuni iliyoloa. Tukavuta kila Kibo alipokaza, tukielekeza chini, na ndama akateleza majanini kwa pamoja. Hakupumua. Mama mdogo akamwingiza unyasi puani, shosho anamsugua mbavu kwa gunia. Ndama akapiga chafya. Zizi zima likapiga vigelegele, na mimi nikakaa chini hapo hapo nikalia.

Ni jike. Kitovu tulikipaka ayodini, na kabla ya saa tisa unusu alikuwa ameshanyonya dang'a, jambo ambalo halitakiwi kucheleweshwa, maana kinga yake ya mwanzo yote imo humo.

Chama kilifanyika kwenye kibaraza, sahani za githeri mapajani. Mama mdogo aliita makande, wakacheka, wakakubaliana kwamba sufuria ni moja. Kila mmoja alitoa shilingi elfu moja, ikawa zamu ya shosho kupokea.

Mkutano wa Nyumba Kumi sikwenda, kwa hiyo mwenyekiti akaja mwenyewe na daftari lake, kwanza kuuliza kwa nini nusu ya watu hawapo, pili kwa sababu mgeni anayelala anatakiwa kujulikana. Mama mdogo akamwambia, "Mwanangu, niandike. Kwetu nilikuwa naandikwa kwa balozi wa nyumba kumi kabla hujazaliwa." Mpango huo Kenya iliuanza mwaka 2013 ikiuchukua kutoka kwetu, lakini majirani zangu hawakuwahi kumsikia mtu aliyekua nao tangu enzi za TANU. Wakamkalisha kitini. Akawaeleza balozi alivyosuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, na pia miaka ya 1977 hadi 1983 Namanga ilipofungwa, na kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Nairobi asionekane kwenye msiba wa baba yao. Shosho akasema upande huu pia kulikuwa na waliolia. Mwenyekiti alifunga daftari, akavuta gogo, akakaa. Daktari alipofika saa kumi na moja, tope mpaka magotini, alimkagua Kibo, akampa mama mdogo mkono, naye akakaa.

Hakuna aliyeondoka. Binti wa mjomba alimenya mshare, kijana mmoja akatumwa Dagoretti kuleta nyama, tukapika machalari ya kutosha watu ishirini.

Saa nne usiku, wageni wamelala, nilirudi zizini na tochi. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka, lote, halijachanika. Nikamwamsha mama mdogo kumwambia, kwa kuwa alikuwa ameniagiza nimwambie. "Kalizike kwenye shina la mgomba," akasema, "ule uliokuja nao." Nikachukua jembe.