Kamba ya Bafuni

Wiki hii nimehamishiwa idara nyingine, posa ya binti wa Kaka imepokelewa, na bado kinachonikosesha usingizi ni kamba nyekundu ya bafuni kwa Mama.

Mnakumbuka nilivyoyachagua makazi yale ya wazee: nilikagua vishikizo vya ukutani, taa za ujia, sakafu isiyoteleza, ratiba ya milo na gari la kliniki, nikitia alama ya vema daftarini kama mkaguzi wa shule. Jumapili nikaikuta kamba ya dharura, ile ya kuvuta kuita msaada, imepigwa fundo juu, usawa wa bega langu, na kitambaa cha Mama kimeanikwa hapo. Nikaanza kumhubiria kwamba kamba ile huachwa ining'inie hadi karibu na sakafu, kwa sababu aliyeanguka hawezi kusimama kwanza ndipo aivute. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nikiivuta, atakuja nani?"

"Mhudumu wa zamu, Mama."

"Cheo sikukuuliza."

Maneno mawili tu, nami nimeyarudia nikiosha vyombo, nikingoja basi, hata mkutanoni nikiwa nimeshika kalamu. Nimetunga majibu kadhaa, yote ya heshima, na hakuna hata moja linalojibu. Ninajua muuguzi huja saa ngapi na shuka hubadilishwa siku gani. Kila Mama akilalamika nimekuwa nikimwambia kwamba hiyo imo kwenye malipo. Nilipolifungua lile fundo, alinitazama kama anavyotazamwa mgeni anayepanga upya jiko la mwenyewe.

Alhamisi mhudumu akanipigia simu, moyo ukanilipuka. Mama hajambo, akaniwahi kusema. Saa nane usiku kengele yake ililia, naye akakimbia, akamkuta ameketi kitini, nywele amechana, hana hata mchubuko. Mama akamwuliza jina lake, akalitamka mara mbili ili alishike, kisha akamwambia, "Haya mwanangu, nimeshakujua, zima." Kengele ile haizimiki kutoka mezani kwao, ni lazima mtu afike chumbani abonyeze kitufe cha ukutani, na Mama, ambaye hata rimoti ya televisheni humshinda, alikuwa ameshaligundua hilo.

Nilicheka hadi nikafuta machozi, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Mhudumu naye alicheka, lakini kicheko kifupi cha mtu mwenye vyumba vingine vinavyomngoja, akaongeza kwa adabu kwamba usiku huwa wawili tu. Nikamwomba radhi, nikamshukuru sana. Simu ilipokatika ndipo nikatambua kwamba mimi sikumwuliza jina.

Blauzi nne za Mama bado sijazishonea vitambulisho, na nguo za kufuliwa hukusanywa Jumatatu alfajiri. Ile ya kijivu ilikwisha kupotea mara moja, ikarudi inanukia marashi ya mtu mwingine.