Nimerudi Mombasa, na nataka kuwasimulia habari za wasanii wa Syria

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye Kibokoni ananiuliza kuhusu Dubai ya minara, ya dhahabu ya Deira na joto la Agosti. Nawajibu vizuri, maana wanauliza kwa upendo. Lakini maisha yangu kule hayakuwa ya minara. Yalikuwa Al Quoz, mtaa wa magereji na maghala, mengine yamegeuzwa kumbi za sanaa, ambako kazi yangu ilikuwa kufungua makasha ya mbao, kutoa picha, kuzipima na kuzitundika. Nimeshika kazi za wasanii wa nchi nyingi. Zilizonikaa rohoni ni za Wasyria, na zaidi pale walipoonyeshwa kwa pamoja, wachoraji na wachongaji chumba kimoja.

Walifikaje Dubai? Damascus ilianza kuwa na kitivo chake cha sanaa mwaka 1960, na vizazi kadhaa vya wachoraji vimepita hapo. Mwaka 2006 Ayyam Gallery, nyumba ya maonyesho ya sanaa, ikafunguliwa mjini humo, ikawachukua vijana na kuwalea, na baada ya muda ikafungua ukumbi Dubai pia. Vita vilipoanza kuitafuna Syria kuanzia 2011, wasanii wake wengi wakahamia Dubai na Beirut, wengine wakaendelea hadi Berlin. Basi kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kuona Wasyria wanachora nini alifika ghalani Al Quoz kabla ya kufika Damascus.

Kwetu watundikaji, saa nzuri ni ile kabla mgeni hajaingia. Picha zimeegemezwa ukutani juu ya vipande vya sponji, taa bado hazijaelekezwa, na mwenye pimamaji anatafuta usawa wa kama mita moja na nusu, ambapo katikati ya kila picha itakaa. Saa hiyo ndiyo niliyozoea kukaa sakafuni mbele ya picha za Safwan Dahoul. Huyu alizaliwa Hama mwaka 1961, na kwa miongo kadhaa amechora mfululizo mmoja: kila picha inaitwa Ndoto, ikifuatiwa na namba yake. Ni mwanamke yule yule, macho mapana, mwili umekunjwa ili uenee ndani ya fremu. Kwa mbali unaona kijivu tu. Ukisogea mpaka pua inakaribia turubai, kijivu kinaanza kugawanyika, hapa cha baridi, pale chenye udhurungi, na ukingo wa shavu umelainishwa mpaka huoni brashi ilipopita. Kwa kazi ya namna ile mtu anahitaji subira ambayo mimi sijaiona kwingine.

Tammam Azzam, mzaliwa wa Damascus mwaka 1980, dunia ilimjua 2013 kwa picha moja: Busu, mchoro maarufu wa Gustav Klimt wa Austria, likiwa juu ya ukuta wa nyumba iliyotobolewa na risasi. Ilisambaa mitandaoni, na wengi wakaamini imechorwa ukutani kwelikweli. Ilitengenezwa kwa kompyuta. Alipofika Dubai alikuwa ameiacha studio yake Damascus. Naiheshimu picha ile, lakini kwangu siyo kazi yake kubwa. Kubwa ni zile za baada ya kuhamia Ujerumani: majengo yaliyobomoka, yaliyoundwa kwa karatasi alizozipaka rangi, akazichana, akazibandika kipande kwa kipande. Ile ya Busu unaielewa mara moja. Za karatasi unasimama, unarudi nyuma, unasogea tena, na bado hujui dirisha linaishia wapi na kifusi kinaanzia wapi. Huniuma kila anapotajwa kwa ile moja tu.

Na hilo si lake peke yake. Wageni wengi huingia kwenye maonyesho ya Wasyria wakitafuta vita, wasipoviona wanapita haraka. Dahoul alianza Ndoto zake zamani sana kabla ya 2011. Mchoraji Marwan, aliyeondoka Damascus kwenda Berlin mwaka 1957 na kufia huko 2016, alichora nyuso kwa miongo mingi, nyuso pana zilizotandazwa mpaka zikawa mabonde na vilima. Huoni bomu hata moja. Watu hawa ni wachoraji kwanza, na wanastahili kutazamwa hivyo.

Wachongaji ndio waliotuchosha migongo. Shaba nyeusi haibebwi na mtu mmoja, hata sanamu ikiwa fupi. Lakini aliyenigusa zaidi kati yao sikuwahi kuibeba kazi yake, kwa sababu haibebeki. Nizar Ali Badr wa Latakia hupanga kokoto za ufukweni mwao zikawa watu: baba, mama, watoto, mizigo kichwani, safari. Ami yangu ni seremala, amechonga milango maisha yake yote, nikamwonyesha picha hizo kwenye simu.

"Gundi gani hii?" akauliza.

"Hakuna gundi, ami. Anapanga, anapiga picha, kisha anavunja."

Akanyamaza. Akaikuza picha kwa vidole. "Tazama mgongo wa huyu mama," akasema. "Jiwe moja tu lililopinda, na uzito wa mzigo unauona." Nimesikia wataalamu wengi wakizungumza kwenye kumbi zile, na sikusikia maneno yaliyonyooka kuliko hayo.

Nilipokuwa nafunga mizigo ya kurudi, niliyemfikiria sana ni Youssef Abdelke. Alizaliwa Qamishli mwaka 1951, akafungwa mwishoni mwa miaka ya sabini kwa siasa zake, kisha akaenda Paris, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2005 akarudi Damascus. Anachora kwa mkaa, vitu vichache: kichwa cha samaki, kisu, fuvu, kiatu, kila kimoja kipweke juu ya meza katika weusi mzito. Julai 2013 alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Tartus, akaachiliwa Agosti, na hakuihama nchi. Mimi kurudi kwangu kulitaka tiketi na ndugu wa kunipokea uwanja wa ndege. Kwake yeye, na kwa wengine niliotundika kazi zao, kurudi kulikuwa na maana ya kuhatarisha shingo. Tangu serikali ya Assad ilipoanguka tarehe 8 Desemba 2024, Wasyria wengi wamekuwa wakirudi kwao, na naomba wakute kuta zilizosimama za kutundikia picha zao.

Sasa ombi langu kwenu mlioko huko. Dada zangu na kaka zangu wa Dubai, Sharjah na Ajman, siku ya mapumziko msiishie madukani. Nendeni Alserkal Avenue, Al Quoz. Kumbi zake za sanaa haziulizi kiingilio wala haziulizi umevaa nini. Mkifika Sharjah, pitieni jumba la makumbusho ya sanaa, kuna mkusanyiko wa taasisi ya Barjeel wa sanaa ya Kiarabu, Wasyria wakiwemo. Chukueni watoto. Mkikuta Ndoto ya Dahoul, kaeni nayo sakafuni mkiruhusiwa, kisha niandikieni mmeona kijivu cha namna gani.