Bastola ya kwanza ya baruti nyeusi? Anza na ya risasi moja

Karibu kila anayetaka kuanza mchezo huu wa kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu anakuja tayari ameshaipenda rivolva ya Colt 1851 Navy, muvi za kauboi zimefanya kazi yake. Nzuri kweli, sikatai. Ila ya kwanza mimi nakwambia chukua ya risasi moja, ya fataki (kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo na kuwasha baruti), yenye mifereji ndani ya mtutu.

Rivolva ina vyumba sita na kila kimoja lazima ukijaze, ushindilie, upake na grisi juu ya risasi au uweke kitambaa cha sufi chini yake ili moto usirukie vyumba vya jirani, halafu baruti nyeusi ina masizi balaa, ukipiga piga kidogo silinda inaanza kukaza, na jioni una vyumba sita vya kuosha kwa maji ya moto na sabuni kabla kutu haijaingia. Ya risasi moja unashindilia mara moja, unalenga, unaona kosa lako liko wapi. Na si ya watoto hiyo, mashindano ya MLAIC, shirikisho la kimataifa la wapigaji wa bunduki na bastola za kushindilia, yana kundi zima la bastola hizi, Kuchenreuter wanaliita, mita 25, unapiga risasi 13 ndani ya nusu saa zinahesabiwa 10 bora.

Gumegume, ile inayowashwa na cheche za jiwe badala ya fataki, nayo tamu lakini subiri. Kati ya kuvuta triga na mlio kuna kamuda, mkono wa mgeni unayumba hapohapo, na Pyrodex, baruti mbadala ya ile nyeusi, haiwaki vizuri kule, inataka baruti nyeusi halisi ambayo maduka mengi hapa Marekani hayaweki.

Dukani ishike kwanza. Fumba macho, inyooshe, fumbua: saiti zikiwa zimekaa sawa bila kukunja kiwiko, hiyo inakufaa. Pedersoli wa Italia wanatengeneza nzuri sana ila bei imechangamka. Sheria uliza za jimbo lako, hazifanani.

Kipimo cha baruti fuata kitabu cha mtengenezaji, na baruti za kisasa zisizo na moshi USIWEKE KABISA, mtutu utapasuka mkononi.

Ukinunua iliyotumika, kabla ya yote ingiza mdeki (fimbo ya kushindilia) mpaka chini, weka alama usawa wa mdomo, utoe uulaze nje ya mtutu, alama ikae tena usawa wa mdomo. Ncha ya mdeki isipofika karibu na tundu la fataki, humo ndani kuna kitu, inawezekana kabisa bado imeshindiliwa.