Ndege wa Mida kwa Kalenda ya Pepo na Maji

Mwanachama mpya akijiunga na kikundi chetu cha kutazama ndege hapa Watamu, swali lake la kwanza huwa ni moja: mbona matembezi hayana siku maalumu wala saa maalumu? Swali ni la haki. Kule Nairobi, wapenzi wa ndege walio chini ya Nature Kenya, chama cha uhifadhi wa mazingira, hukutana kila Jumatano asubuhi kwenye Makumbusho ya Taifa, na desturi hiyo, iliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, imewalea waongoza wageni wengi na wataalamu wa ndege. Naiheshimu sana. Lakini sisi hutazama zaidi ndege wa pwani, na pwani haifuati siku za juma. Hufuata mwezi, kupwa na kujaa kwa maji, na zile pepo mbili ambazo wazee wetu walizisafiria, kaskazi ivumayo kutoka kaskazini-mashariki na kusi ivumayo kutoka kusini. Anayetaka kuwaona ndege wa Mida azijue hizo kwanza, darubini itakuja baadaye.

Mida ni mkono wa bahari uliojipenyeza ndani ya nchi kavu, umezungukwa na mikoko, na ni sehemu ya eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu lililotangazwa mwaka 1968. Maji yakipwa, uwanda mpana wa mchanga na matope hubaki wazi, na ndege hutawanyika mbali kiasi kwamba hata mwenye darubini nzuri huona nukta tu zinazotembea. Yakijaa kabisa, uwanda hufunikwa, nao huondoka kwenda kupumzika kwenye mikoko au mahali palipoinuka. Saa zenye faida ni zile za katikati, maji yanapopanda polepole na kuwasukuma ndege hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, mpaka wanasimama karibu na ulingo wa kutazamia ambao jamii ya hapa huutunza pamoja na daraja la kuning'inia lililopita juu ya mikoko. Wakati wa maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, jambo hili halitokei vizuri, kwa kuwa sehemu ya matope haifunikwi na ndege hawana sababu ya kusogea. Ndiyo maana huchagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kwa kuwa bamvua hapa kwetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, sisi hukutana saa saba mchana, jua likiwa utosini, jambo linalowashangaza wageni waliozoea kuambiwa kwamba ndege hutazamwa alfajiri. Ndege wa msituni, sawa. Kitwitwi, yule ndege mdogo wa matopeni, huamka maji yanapomruhusu kula, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Ndege wageni wa kutoka kaskazini huanza kuingia mwezi Agosti, kusi ikiwa bado haijaisha nguvu, na huendelea kuongezeka katika demani yote, yaani majira ya mwisho wa kusi. Hutangulia wakubwa, na wengi wao bado wana mabaki ya manyoya mekundu ya msimu wa kuzaliana. Watoto waliozaliwa mwaka huo hufuata baadaye, peke yao, katika njia ambayo hawajawahi kuipita. Miongoni mwao wamo vitwitwi wenye mdomo uliopinda waliozaliana Siberia, wale wa Terek wenye mdomo uliobetuka juu ambao hukimbia matopeni kama watu waliochelewa gari, na makundi ya ndege wa mchanga wenye shingo fupi waliotoka nyanda za Asia ya Kati. Sululu nao hupatikana, wakitembea kwa hadhi pembezoni mwa mikoko na kuwachomoa kaa mashimoni.

Lakini ndege ambaye watu hutoka mbali kuja kumwona Mida ni yule tunayemwita mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa pwani. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, yaani pwani zile zile ambazo majahazi yalitoka kuja kwetu kwa upepo wa kaskazi. Huchimba pango mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, tabia isiyo ya kawaida kabisa kwa ndege wa jamii hii, maana wenzake hutaga juu ya ardhi mayai yenye madoa. Wanaomtazama kwa subira wataona jambo jingine: hata huku ugenini, miezi kadhaa baada ya kuruka, kinda aliyekwisha kuwa na kimo cha mzazi humfuata mzazi huyo matopeni akililia chakula, na mzazi humpa. Wanachama wetu vijana huweza kulitazama hilo kwa muda mrefu, na sijawahi kumharakisha yeyote.

Mwezi Januari shughuli hubadilika. Huo ndio mwezi wa hesabu ya ndege wa majini inayofanyika katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, na umechaguliwa kwa sababu ndege wametulia katika makazi yao ya msimu. Wanaokuja wamekwisha kufika na wanaoondoka hawajaanza safari. Hapa kwetu A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wenye kituo chao Watamu, wamekuwa wakihesabu ndege wa Mida na kuwavisha pete kwa miaka mingi, nasi huenda kusaidia. Sitaficha kwamba kuhesabu ni kazi ya kuchosha kuliko kutazama. Mtu mmoja huhesabu, mwingine huandika, na hakuna anayeruhusiwa kusogea mbele. Kundi kubwa hugawanywa kwa macho katika makumi, kisha makumi hayo hupimwa juu ya kundi lililobaki. Ndege wakiruka katikati ya hesabu, huanza upya. Asiyetambulika huandikwa kitwitwi asiyetambulika, kwa maana takwimu yenye shaka iliyoandikwa kwa uhakika huharibu miaka yote inayofuata. Wapo wanaojiunga na kikundi kwa ajili ya kukusanya ndege adimu kwenye orodha zao, nao nawakaribisha, ila kwa maoni yangu hesabu ya vitwitwi wa kawaida, iliyorudiwa mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, ina thamani kubwa kuliko picha ya ndege mmoja aliyepotea njia.

Kuna pia kazi ya ramani ya ndege wa Kenya, iliyoanza mwaka 2013, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuishiriki. Nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Mshiriki hukaa ndani ya mraba mmoja kwa muda usiopungua saa mbili, akiandika kila aina kwa mpangilio wa kuiona, na anaweza kuendelea kuongeza kwa siku zisizozidi tano. Kunguru wa Bara Hindi nao huandikwa, ingawa mkono husita: walifikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea hadi Mombasa na pwani yote, na wanapozidi, viota vya ndege wadogo huisha.

Katika miezi hii ya kaskazi huwa tunaenda jioni kuwatazama keremkerem wekundu wakirudi kulala kwenye mikoko ya Mida, kundi baada ya kundi, na mwanga wa jua la magharibi ukiwapiga kifuani. Mwezi wa Novemba na Desemba huinua macho juu kwa ajili ya kozi wa Amur, waliovuka Bahari ya Hindi baada ya kutoka kaskazini-mashariki mwa Asia, ambao hupita kufuata mawingu ya mvua na wadudu wanaoruka kabla yake.

Kusi inapoingia, wengi hudhani msimu umekwisha. La hasha. Kuanzia Aprili hadi Septemba twende kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako ndege wa Madagaska wenye mabawa marefu na miguu mifupi hutua mchangani kwa makundi na kuwinda wadudu hewani mithili ya mbayuwayu. Kwenye magofu ya Gede, chini ya miti mikubwa iliyoota juu ya kuta, kiruka-njia mwenye madoa kifuani hupekua majani makavu kimya kimya katika miezi hiyo. Huyo huja wakati wageni wa Ulaya na Asia wameondoka. Na kwenye kisiwa kidogo cha Whale Island, mlangoni mwa Mida, buabua hutaga kati ya Juni na Oktoba, kwa hiyo katika miezi hiyo kikundi chetu hutazama kutoka ng'ambo tu, na mtu asiombe mashua.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, unastahili makala yake wenyewe, kwani una bundi mdogo wa Sokoke na mnana wa Clarke, ambaye viota vyake havikujulikana na wanasayansi mpaka mwaka 2013 vilipoonekana katika misitu ya Dakatcha, kaskazini mwa Malindi. Nitasema neno moja tu kuuhusu. Kikundi chetu hakichezi sauti zilizorekodiwa ili kumwita bundi yule. Tunamtafuta na mwongoza wageni wa msitu anayejua anapolala mchana, tunamtazama kwa dakika chache, kisha tunaondoka, hata kama aliyekuja na kamera kubwa hajaridhika.

Kwa sasa tunakaribia tanga mbili, kipindi cha pepo kubadilika, na vitwitwi wa Mida wanakula bila kupumzika ili waweke mafuta ya safari. Wale wenye mdomo uliopinda wameanza kugeuka rangi, kwanza mabaka kifuani, kisha wekundu wa matofali mwili mzima. Bamvua ijayo tutakuwa ulingoni saa saba na nusu mchana. Anayekuja aje na kofia, maji ya kunywa, na nguo zisizong'aa. Mbwa abaki nyumbani, kwa sababu ndege anayerushwa mara kwa mara wakati huu hupoteza mafuta aliyohangaika kuyapata, na safari iliyo mbele yake ni ya maelfu ya kilomita. Darubini za kuazima zipo chache, kwa hiyo mwenye yake ailete.