GABA ni ileile, shida ni imekutana na kipokezi gani

Watu wakianza stori za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, ni dopamini mwanzo mwisho, na ni kweli dopamini ndo inayokauka, ila mi naona GABA, kemikali nyingine ambayo nyuroni (seli za neva) hutumia kuzuiana, tunaionea sana. Basali ganglia, yale mafungu ya nyuroni yaliyo ndani kabisa ya ubongo, karibu yote yanaongea kwa GABA, yaani kwa kuzuiana. Striata, fungu kubwa linalopokea ujumbe unaoingia, kwa panya zaidi ya asilimia 90 ya nyuroni zake zinatoa GABA! Globasi palidasi ya ndani pamoja na nigra retikulata, mafungu mawili ya kutolea ujumbe, zinaikandamiza thalamasi (kituo kinachopeleka ujumbe kwenye gamba la ubongo) muda wote kama gari lililovutwa hendibreki, sasa ukitaka kunyanyua mkono striata inazitumia hizo mbili GABA zinyamaze kidogo, thalamasi inapumua, mkono unaenda.

Lakini GABA yenyewe haifanyi kitu mpaka ipokelewe na kipokezi, yaani protini ya kwenye nyuroni inayoikamata. Kuna GABA-B, hii inafanya kazi kupitia protini G (protini za kupitisha ujumbe ndani ya seli), inachelewa kuanza ila ikianza inakaa, na ndo inayoguswa na baklofeni, dawa ya kulegeza misuli. Halafu kuna GABA-A, mlango wa kloraidi, unafunguka fasta sana, umeundwa na vipande vitano na binadamu ana jeni 19 za kutengeneza hivyo vipande, kwahiyo michanganyiko ni mingi na kila mtaa wa ubongo una wake. Hapa ndo pananisisimua kweli. Nyuroni kubwa za striata, zile zenye miiba, zimebeba zaidi kipande kiitwacho alfa 2, ila nyuroni ndogo zenye protini ya parvalbumini zilizo katikati yao zina alfa 1. Shuka kwenye globasi palidasi na nigra retikulata, alfa 1 imejaa tele. Sogea hapo pembeni tu, nigra kompakta, nyuroni za dopamini zenyewe zina alfa 3. Jirani kabisa lakini kipokezi tofauti!

Ndo maana zolpidemu, dawa ya usingizi inayopenda alfa 1, iliwashtua watu 1997 iliporipotiwa kwamba wagonjwa wachache wa Parkinson walisogea vizuri zaidi baada ya kuimeza (msijaribu nyumbani jamani, ushahidi ni mdogo na mgonjwa anaweza kuanguka). Diazepamu haichagui hivyo, inashika alfa 1, 2, 3 na 5 kwa pamoja.

Na vipokezi havikai idadi moja. Kwenye Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, nyuroni za striata zinakufa, GABA inayofika palidasi inapungua, basi palidasi inaongeza vipokezi vya GABA-A ili ikamate hata kile kidogo kinachokuja. Kwa panya waliouliwa nyuroni za dopamini upande mmoja, palidasi ya nje inayomwagiwa GABA nyingi kupita kiasi inapunguza vipokezi vyake, wakati njia ya kutoka striata kwenda nigra retikulata imelegea kwahiyo huko vinaongezeka, ubongo uleule, ugonjwa uleule, sehemu mbili zinaenda kinyume.