Nipe watu, mali chukua wewe

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na sura ya 14 ya kitabu cha Mwanzo, na sijaweza kutoka humo. Wengi wetu tunaikumbuka kwa ajili ya Melkizedeki, mfalme wa Salemu, na mkate wake na divai. Safari hii aliyenishika ni yule mfalme mwingine. Abramu anarudi kutoka vitani akiwa amemwokoa Lutu, pamoja na mateka wengine na mali yote iliyoporwa Sodoma. Bondeni anakutana na wafalme wawili. Wa Salemu analeta mkate, divai na baraka. Wa Sodoma anakuja na maneno machache tu: nipe mimi watu, mali chukua wewe.

Nimeisoma sura hii tangu siku za katekesimu, na sijui masikio yangu yalikuwa wapi. Ni mara ngapi maneno hayo yamesemwa mbele ya altare zetu bila mtu kufungua kinywa? Mheshimiwa anafika misa ikiwa katikati, anapishwa kiti cha mbele. Baada ya komunyo anaitwa asalimie watu. Anakabidhi bahasha, kiasi kinatangazwa, tunapiga makofi, na kipaza sauti kinabaki mkononi mwake. Mali tumechukua sisi. Watu, waliotoka nyumbani alfajiri kuja kumsikiliza Mungu, amepewa yeye.

Abramu alikataa hata uzi, hata gidamu ya kiatu. Sababu aliitaja waziwazi: mfalme asije akasema, mimi ndiye niliyemtajirisha Abramu. Hakusema kwamba mali ile ilikuwa haramu. Yeye ndiye aliyeshinda, na hakuna ambaye angemshangaa kama angeichukua. Alichokataa ni kauli ambayo mfalme yule angepata haki ya kuisema maisha yake yote. Na wenzake watatu waliokwenda naye vitani hakuwazuia kuchukua fungu lao. Kwa hiyo sinyooshei kidole kanisa la mtu mwingine hapa. Nazungumza juu ya letu.

Mnakumbuka ya Kahawa West. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre na 600,000 nyingine, zikiwamo za kwaya, akaahidi milioni 3 zaidi. Siku chache tu kabla ya hapo maaskofu wetu walikuwa wametoa tamko zito kuhusu kodi, utekaji nyara na ahadi zisizotimizwa. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa na ile ahadi haitapokelewa. Shilingi 200,000 zilizotolewa na gavana wa Kiambu nazo zirudishwe. Alisema wanasiasa wanakaribishwa kusali kama waumini wengine.

Nilifurahi siku ile, nikawatumia wengi habari ile kwa simu. Kisha usiku sikupata usingizi, kwa sababu nilijua tulichokifanya sisi.

Miaka iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Upande wa kulia wa kanisa ulikuwa wazi, na msimu wa mvua tulisogezana upande mmoja kama kuku. Mheshimiwa mmoja akaja, akatoa laki tatu za mabati na kuahidi madirisha. Risiti niliiandika mimi. Mabati yalipanda ndani ya wiki mbili, na siku mvua ilipoyapiga kwa mara ya kwanza kina mama walipiga vigelegele.

Miezi michache baadaye vibanda vya kando ya barabara vilibomolewa usiku bila notisi. Wenye vibanda wengine walikuwa wa jumuiya yetu. Mama mmoja alikuta magunia yake mawili ya viazi yamepondwa, na jiko lake la mandazi limechukuliwa. Juma lile zamu ya kuandaa maombi ya waumini ilimwangukia dada mmoja wa jumuiya, mtu mpole ambaye hata mkutanoni huwa hasemi. Aliandika: tuwaombee waliovunjiwa riziki yao usiku, na walioamuru, Mungu awape moyo wa kurudisha. Jumamosi jioni aliniletea karatasi niipitie.

Nikamwambia, dada yangu, huo mstari uondoe. Mheshimiwa ametuahidi madirisha.

Hakubishana. Aliomba kalamu yangu, akaukata. Jumapili tukaombea mvua na amani nchini, na wale kina mama wakaitikia pamoja nasi, wakiwa wameketi chini ya mabati yale.

Hakuna aliyetupigia simu kututisha. Mheshimiwa mwenyewe huenda hakujua kama tuliwahi kuandika ombi hilo. Kalamu ilikuwa yangu. Ndiyo maana ninapomsoma mfalme wa Sodoma sioni tena uso wa mwanasiasa peke yake. Naiona meza ya kamati yetu, kitabu cha risiti, na mkono wangu.

Nililieleza hili kwenye jumuiya Jumatano, na mzee wetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alinijibu kwa Maandiko. Akasema, mwanangu, soma Luka 7. Yule akida wa Kirumi aliwajengea Wayahudi sinagogi, na wazee wao wakamwendea Yesu wakamwambia kwamba mtu huyo anastahili kutendewa jambo hili. Yesu alikataa? Alikwenda. Serikali kujenga nyumba ya Mungu si dhambi.

Hoja hiyo ina uzito, na nimeilalia siku tatu. Mzee amesema kweli, Yesu alikwenda. Lakini sura haiishii pale. Neno "anastahili" lilitoka vinywani mwa wazee, waliopokea jengo. Akida mwenyewe alituma rafiki zake njiani waseme kinyume: Bwana, sistahili uingie chini ya dari yangu. Hakukumbusha sinagogi hata kwa neno moja. Alichoomba ni uzima wa mtumishi wake, mtu wa chini kabisa nyumbani mwake. Na maneno ambayo Kanisa limeyahifadhi ni yake. Kila misa, kabla ya komunyo, tunasema sistahili pamoja na yule askari. Akija kwetu kiongozi wa namna hiyo, aliyejitolea na akanyamaza, anayetetea aliye chini yake, mimi nitakuwa wa kwanza kumshika mkono. Kikapu cha sadaka hupita mbele ya kila mtu, na hakiulizi cheo.

Kuna mwingine ambaye vijana wetu walinifundisha kumsoma upya. Juni 2024, walipokuwa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, walikuwa wakiimba "Zakayo, shuka!", wakimwita Rais kwa jina la yule mtoza ushuru wa Injili. Wazee kadhaa walikasirika kwamba Biblia inachezewa. Tarehe 25 waliingia Bunge, risasi zikapigwa, na wako ambao hawakurudi kwa mama zao. Kesho yake Rais akasema hatautia saini muswada ule. Mimi wimbo wao ulinirudisha kwenye Luka 19, nikaona jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Zakayo aliposhuka, nusu ya mali yake aliwapa maskini, na wale aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Hatusomi kwamba alitoa hata senti kwa sinagogi la Yeriko. Fedha ilirudi mikononi ilikotoka. Nafikiri kama angeileta kwetu, kamati yetu ingempa kiti cha mbele na kipaza sauti, na wale aliowadhulumu wangeendelea kukaa nyuma kabisa, wakipiga makofi pamoja nasi.

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali, na bahasha zitaongezeka, kwa sababu zimeshaanza. Naomba tusingoje askofu aturudishie kila moja. Jumuiya zetu zikikusanya shilingi hamsini kwa kila nyumba kwa wiki, madirisha yatachukua muda mrefu, labda miaka mitatu. Nimepiga hesabu, na najua nyumba ambazo hata hamsini hiyo ni unga wa jioni. Hizo zisidaiwe. Lakini dirisha litakalowekwa kwa hamsini hizo halitakuwa na mtu wa kutuambia, mimi ndiye niliyewajengea.

Baada ya jumuiya nilimfuata yule dada nyumbani kwake. Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza na ile karatasi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba yule mama wa mandazi hakuwahi kupata jiko lingine. Siku hizi anafua nguo za watu, na bado anakaa benchi la tatu upande wa kulia. Mimi hupita karibu na benchi hilo kila Jumapili. Sikuwa nimejua.

Dominika hii maombi ya waumini yameiangukia jumuiya yetu tena, na nimemwomba dada huyo ayaandike. Ameniuliza kama nitataka kuyaona kabla. Nimemwambia nitayasikia kanisani pamoja na wengine.

Ee Bwana, uliyempelekea Abramu mkate na divai kabla mfalme wa Sodoma hajafungua kinywa, utulishe kwanza, tusije mezani pako tukiwa na njaa ya bahasha. Uwakumbuke waliobomolewa, na wazazi waliozika watoto wao Juni ile. Uwakumbuke na viongozi wetu, ambao nao wana roho zao. Amina.