Alama ya kujumlisha kwenye nafasi ya pili

Tanga, Jumatatu usiku

Mtu akisema hawezi kuhifadhi waraka, jibu la haraka ni kwamba diski imejaa. Leo jibu hilo lingetupoteza. Diski ya seva ya ofisi ninayoihudumia hapa Chumbageni haijafika hata nusu. Amri ya df -h ilionyesha nafasi tele, na df -i ikaonyesha inodi (kila faili hutumia moja) bado zipo za kutosha. Hata hivyo bi mkubwa wa uhasibu alikuwa amekwama, na barua pepe zake ziliacha kuingia tangu Ijumaa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hii seva yenu imenisusia. Wenzangu kazi zao zinakwenda, mimi peke yangu nakataliwa. Nimekosa nini?"

Hayo maneno "mimi peke yangu" yalinisaidia kuliko kipimo chochote. Diski ikijaa, wanaumia wote. Akiumia mmoja, tazama mgao wake, yaani kiwango cha ukubwa na idadi ya faili alichowekewa kwenye diski.

Nikaingia kwenye akaunti yake. Nilipoongeza mstari ndani ya faili la zamani, seva ilikubali. Nilipojaribu kuunda faili jipya kwa amri ya touch, ikakataa: Disk quota exceeded, yaani mgao wa diski umepitwa. Faili lenyewe lilikuwa tupu, halina hata baiti moja. Basi kilichomwishia si ukubwa, ni idadi.

repquota, amri inayoorodhesha migao ya watumiaji, ikathibitisha. Kando ya jina la kila mtumiaji huwa pana alama mbili: ya kwanza ni ya ukubwa, ya pili ni ya idadi ya faili. Wenzake wote walikuwa na vistari viwili. Yeye alikuwa na kistari, kisha alama ya kujumlisha: amepita mpaka wa idadi. Mpaka wake laini, unaoweza kupitwa kwa muda tu, ni faili 20,000; mpaka mgumu, usiopitika kabisa, ni 25,000; naye alikuwa katikati. Kwa nini basi akataliwe kabla ya kufika 25,000? Kwenye safu ya muda wa ziada palikuwa pameandikwa none, yaani umekwisha. Ukipita mpaka laini unahesabiwa muda, kwa kawaida siku 7, na ukiisha hujapunguza, mpaka laini unakuwa mgumu. Zile faili nyingine zilizobaki hadi 25,000 hazimsaidii tena.

Faili zote hizo zimetoka wapi kwa mtu anayeandika hesabu tu? du --inodes, amri inayohesabu faili za kila folda, ilinipeleka moja kwa moja kwenye Maildir, folda ya barua pepe ambako kila barua ni faili lake. Folda ya takataka ilikuwa na barua za miaka. Tukazipitia pamoja, akaniambia zipi zifutwe, idadi ikashuka chini ya 20,000, na ile alama ikaondoka. Barua zilizokuwa zikisubiri kwenye foleni zikaanza kuingia yeye akiwa anatazama.

Ningeweza kumwongezea mgao na kuondoka, au kuzima migao yote kwa amri ya quotaoff. Sikutaka. Mgao ni haki ya wale wengine wanaotumia diski hiyo hiyo. Bila huo, mmoja anaweza kuwamalizia wote. Kinachonisikitisha ni kwamba mama huyu alipewa siku 7 za kujirekebisha na hakuna aliyemwambia. Mfumo huu wa mgao uliingia kwenye 4.2BSD, toleo la mfumo wa Unix, mwaka 1983, kwa kazi ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, zama ambazo mtumiaji alikaa mbele ya teminali, skrini ya kuandikia amri, na onyo likamjia pale pale machoni. Bi hajawahi kufungua teminali maishani mwake. Anaona programu ya barua na folda zake, basi. Muda wa ziada ambao mwenyewe haujui haumpi nafuu yoyote.

Kwa hiyo jioni nimeshughulikia warnquota, programu inayowaandikia barua waliopita mpaka laini. Maneno yake yanawekwa kwenye /etc/warnquota.conf, nami nimeyaandika kwa Kiswahili: kiwango kimepitwa, futa usichohitaji, anza na folda ya takataka. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, itaiendesha kila asubuhi. Muda wa ziada nimeuongeza hadi siku 14 kwa edquota -t, maana hapa mtu akienda msibani Pangani au Lushoto, wiki nzima hukatika.

Nilimsomea Bi rasimu kabla ya kuihifadhi. Akataka iongezwe namba ya simu ya mtu wa kumpigia. Nimeweka yangu. Kesho ni zamu ya folda ya pamoja ya idara: ina mgao wa kikundi, na humo sijui nani atakayepokea onyo kwa niaba ya wenzake. Hilo inabidi waamue wao.